Mafaili Matatu Yasiyo na Mwenyewe

Harufu ya kwanza inayonijia nikikumbuka mwaka ule si ya kompyuta. Ni ya mkonge uliosagwa, harufu kali, chachu, ya kukaa kooni, iliyokuwa ikitoka kwenye korona, ile mashine kubwa ya kuchambulia nyuzi, na kusukumwa na upepo wa Same mpaka kwenye madirisha ya ofisi ya shamba. Mgeni alikuwa akiziba pua. Sisi tulioizoea tulikuwa tukiikumbuka siku isipokuwepo tu, maana siku hiyo korona imeharibika na watu wamekaa bila kazi. Ndani ya ofisi kulikuwa na harufu nyingine za kistaarabu zaidi: karatasi za kaboni, wino wa stensili, na mafuta ya taa ambayo mama yangu alisafishia herufi za taipureta yake kwa mswaki mkuukuu. Halafu mwaka ule chumba cha mwisho barazani kikapata harufu yake peke yake, ya plastiki mpya iliyopata moto na vumbi linaloungua polepole.

Chumba hicho tulikiingia miguu mitupu. Aliyeweka amri hiyo simjui, lakini hakuna aliyethubutu kuivunja, hata mhasibu ambaye soksi zake zilikuwa na matundu mawili na aliona haya. Viatu vilipangwa mlangoni, miguu ikafutwa kwenye gunia, ndipo mtu akakanyaga sakafu nyekundu iliyong'arishwa kwa nta. Mashine ilikaa juu ya meza, imefunikwa kitambaa cheupe kilichodariziwa maua ya zambarau, na pazia halikufunguliwa kamwe, kwa sababu tuliambiwa vumbi la Same likiingia humo, basi. Kanisani watoto tulikuwa tukikohoa na kufinyana. Mle ndani hata kupiga chafya niliogopa.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba na wadogo zangu walikuwa juu Chome, kwa bibi, wakilima maharage na tangawizi chini ya msitu wa Shengena. Mimi nilishuka na mama bondeni ili nisome karibu na kazi yake. Ilikuwa miaka ya tisini, ruksa ya kila mtu kufanya biashara imeshazoeleka. Hadithi za foleni ya sukari nilikuwa nimezisikia tu kwa wakubwa. Ukienda Hedaru siku ya soko ulikuta sukari magunia, sabuni za rangi zote, na milima ya mitumba inayonuka dawa. Vitu vilikuwepo. Kilichopotea sasa ni kazi za kuvinunulia. Shamba letu, lililokuwa la serikali tangu kabla sijazaliwa, lilikuwa limeuzwa, na kila mwezi karatasi ilibandikwa ukutani yenye majina ya waliopunguzwa. Watu waliotoka Kigoma, Songea na Singida wakiwa vijana kuja kukata mkonge, wakazalia watoto kambini, walisimama mbele ya karatasi ile wakitafuta jina lao na kuomba wasilione.

Wapiga chapa walikuwa wawili. Mmoja ni mama, ambaye kila mtu alimwita Mama Namkunda kwa jina langu, na ambaye vidole vyake vilikwenda kwa kasi ya mvua ya mawe juu ya bati. Wa pili ni Hawa, binti wa mkata mkonge kutoka Kigoma, mdogo kwa mama kwa miaka kama kumi, mpole, mchapaji wa polepole, mwenye tabia ya kuandika kila alichoambiwa kwenye daftari lenye jalada la gazeti. Mwenye shamba mpya alileta kompyuta moja na ujumbe mmoja: wapiga chapa wawili hawahitajiki tena. Meneja wake angekuja baada ya miezi miwili, awapime wote wawili kwenye mashine, abaki mmoja. Tangu siku hiyo mama na Hawa waliamkiana vilevile, shikamoo na marahaba, lakini marahaba ya mama ilifupika, na chai ya saa nne waliacha kunywa pamoja.

Aliyekuja kuwafundisha alikuwa kijana wa Tanga aitwaye Rajabu, mcheshi, shati limechomekwa, kalamu tatu mfukoni. Alikaa wiki moja. Aliwaonyesha kwamba mashine ile haikuwa taipureta yenye kioo kama walivyodhani. Kulikuwa na programu ya kuchapia barua, sawa, lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine alichokiita mfumo, ambacho huamka kwanza, kikaita programu, kikatunza barua, kikaamuru printa. Mfumo huo haukuwa na picha wala rangi. Ulikuwa kioo cheusi chenye alama moja nyeupe inayokonyeza, ikisubiri uandike amri, nayo ilitaka Kiingereza. Kila ukiwashwa, uliandika kwanza maneno aliyoyapanga Rajabu mwenyewe ya kuwakaribisha watumishi wa shamba, na jina la mwenye shamba kwa herufi kubwa. Meneja, aliyemleta Rajabu siku ya kwanza kisha akaondoka, aliyapenda sana maneno hayo alipoonyeshwa.

Kiingereza ndicho kilichonipeleka mimi chumbani mle. Mama alichapa Kiingereza maisha yake yote bila kosa, kwa macho tu, kama mtu anayenakili maua ya kitambaa. Maana yake hakuijua sana. Mimi nilikuwa na kamusi ya shule iliyokosa jalada na ukaidi wa mbuzi, basi kila mchana wa likizo ile, ofisi ikiwa imekwenda kula, mama alinikalisha kwenye kiti cha pembeni nimsomee kilichoandikwa kwenye kioo. Nikajifunza amri ya kuorodhesha mafaili, ya kunakili, ya kuingia folda na kutoka, ya kufuta. Nikajifunza kwamba mashine haikasiriki ukikosea. Inakujibu jibu lilelile kavu, mara mia, mpaka uandike sawasawa. Sijawahi kuwa na mwalimu wa namna hiyo, maana wa shuleni kwetu waliishia mara ya pili. Niliipenda mashine ile kwa mapenzi ya kweli, nakiri, na mara nyingine nilisahau kwamba tuko pale kwa ajili ya ugali wa mama.

Jumamosi moja, siku tatu kabla ya meneja kuja, mashine ikakataa kutunza barua. Nikatafuta neno kwa neno kwenye kamusi, nikamwambia mama: inasema imejaa. Mama akashika kiuno. Rajabu alikuwa amesema, ikijaa futeni msiyoyahitaji, na mama alilielewa jambo hilo kwa namna moja tu, namna aliyozaliwa nayo. Kwao Chome, na kote Upareni, maji ya kumwagilia hukusanywa kwenye ndiva, bwawa la udongo na mawe lililochimbwa na mababu, na ndiva ikijaa tope hakuna mgao. Basi kabla ya msimu hupigwa mbiu ya msaragambo, kazi ya wote, kila nyumba inatoa mtu na jembe. Katika kitongoji chetu tulikuwa na utaratibu: kila kinachoonekana chini, jiwe, gogo, gunia, mmoja anakitaja kwa sauti, na kama kina mwenyewe, anaitikia. Asipoitikia mtu, kinatupwa nje, hakuna kujadili. Nilishawahi kusimama kwenye tope lile hadi magotini, nikitetemeka kwa baridi, na kuona raha isiyo kifani sakafu ya ndiva ilipojitokeza, safi, ikisubiri maji.

"Tuifanye kama ndiva," mama akasema. "Wewe taja."

Nikaorodhesha mafaili nikawa nayataja moja moja, nikiyatamka vibaya. Mama, amesimama nyuma yangu na mikono imekunjwa, akawa anahukumu. "Hilo langu, liache. Hilo la Hawa, usiliguse. Hilo simjui baba yake, toa." Barua zake zote tuliziacha, na zilikuwa nyingi ajabu. Yaliyotoka ni yale ya majina mafupi makavu yaliyokaa mlangoni kabisa mwa mfumo, yasiyo barua wala orodha, ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyaona yakifanya kazi yoyote. Tulicheka. Mama alikuwa hajacheka siku nyingi, na kicheko chake kilinipa kichwa. Yalipobaki matatu akaitwa nje na mlinzi. Aliniambia mlangoni, akivaa viatu, "Tuache hapo. Hayo matatu tutamwuliza Hawa Jumatatu."

Hapa ndipo penye kisa chote, na ningeweza kukipamba, ila sitaki. Nilibaki peke yangu mbele ya kioo na majina matatu yasiyo na mwenyewe. Nilitaka kuiona sakafu. Hakuna sababu nyingine. Nikayafuta yote matatu, nikazima mashine, nikatandika kitambaa cha zambarau na kukinyoosha kwenye pembe.

Jumatatu asubuhi tulifika kabla ya wote. Mama akawasha. Mashine ikanguruma, ikahesabu tarakimu zake kama kawaida, kisha badala ya makaribisho ya Rajabu ikatokea sentensi moja ya Kiingereza na kimya. Hakuna alama ya kukonyeza. Mama alibonyeza hiki, akabonyeza kile, akazima, akawasha, sentensi ni ileile. Niliisoma mara tatu kwa kamusi: kinachopokea amri hakipo. Mama hakuniangalia. Akauliza taratibu, "Yale matatu ya Jumamosi?"

"Nilidhani uliyafuta wewe, mama," nikasema.

Maji yakimwagika hayazoleki, na uongo ni hivyohivyo. Aliniangalia kwa muda, si kwa hasira, kwa namna ambayo sikuielewa, halafu akasema, "Basi nitakuwa niliyafuta mimi." Ningekuwa mtoto mwema ningelia hapohapo na kusema kweli. Lakini hofu ina mdomo wake, na wangu ulisema jambo baya zaidi. Nilimwambia tuifunike mashine, tutoke, tumwache dada Hawa aiwashe yeye. Atakayekutwa nayo ikiwa imekufa ndiye ataonekana kaiua. Nilisema vile nikiwa na miaka kumi na miwili na msalaba mdogo shingoni. Mama hakunipiga, na nilitamani anipige. Alisema tu, "Kaa hapo," akakaa na yeye, tukasubiri.

Hawa aliingia saa mbili, miguu mitupu, daftari kwapani. "Shikamoo, Mama Namkunda."

"Marahaba, mdogo wangu. Njoo uone. Nimeiharibu."

Mama akaeleza kila kitu, ndiva na yote, na akasema "mimi" kila mahali palipokuwa na mimi. Nilitazama miguu ya Hawa. Alihitaji kufanya jambo moja tu ili kazi iwe yake, nalo lilikuwa kutofanya lolote. Baba yake alikuwa amepunguzwa mwezi uliotangulia. Nyumba nzima kambini ilikuwa ikila kwa vidole vyake vya polepole. Kule mbali korona ikaanza kazi. Kisha akavuta kiti, akafungua daftari. "Siku ile ya kwanza Rajabu alipoiweka sawa, niliandika," akasema. "Hata alipokosea niliandika. Ile diski ya kuanzia ipo kabatini. Mficha uchi hazai, Mama Namkunda, umefanya vizuri kusema."

Tulifanya kazi mpaka saa sita. Mama alishika diski, kile kibapa cheusi cha mraba, akikipokeza kwa ncha za vidole. Hawa alisoma hatua moja moja kutoka daftarini, akirudia mara mbili, na mimi nilichapa kwa sababu nilizijua herufi za amri kuliko wao. Diski ilipoingia, mashine ilikwaruza ndani kama panya darini, na alama nyeupe ikarudi ikikonyeza. Mama akasema "Bwana asifiwe" na Hawa akasema "Alhamdulillahi" kwa pamoja. Tukanakili kile kinachopokea amri kutoka kwenye diski hadi kwenye mashine, tukaitoa diski, tukazima, tukawasha. Ikaamka yenyewe. Furaha niliyoipata saa ile sijaipata tena kwa ukubwa uleule, hata siku ya harusi yangu, na mume wangu anajua. Nilikuwa nimeona chini ya sakafu. Nilijua sasa kwamba vitu visivyo na mwenyewe huenda ni vya wote.

Na tope? Hawa ndiye aliyeligundua. Barua za mama, zile tulizoziheshimu, zilikuwa nakala za barua chache tu. Kwa woga wa kupoteza kazi yake mama alikuwa akitunza kila barua upya kila alipoongeza mstari, kwa jina jipya kila mara. Barua moja ya kuomba mipira ya korona ilikuwepo mara thelathini na moja. Tulicheka wote watatu hadi mhasibu akaja kuchungulia na soksi zake. Tukafuta thelathini, tukabakiza moja, na nafasi ikapatikana tele.

Lakini makaribisho ya Rajabu hayakurudi. Maneno yale yalikuwa kwenye moja ya mafaili tuliyoyatupa Jumamosi, na Hawa hakuwa ameandika namna ya kuyatengeneza, maana Rajabu aliyapanga kabla hajaanza somo. Siku ya pili meneja alikuja. Niliruhusiwa kukaa barazani, karibu na viatu, na mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto. Aliwapima kwa barua moja kila mmoja. Mama alimaliza wakati Hawa hajafika nusu. Niliuona mgongo wa mama umenyooka, nikajua tumepata. Kisha meneja akaiwasha upya mashine ili aone inavyoamka, akangoja, akauliza, "Yale maneno ya kutukaribisha yako wapi? Nani kaigusa hii?"

Hawa akaanza, "Bosi, tulikuwa wote..." Mama akamkata. "Ni mimi, baba. Nilifuta nisichokijua, mashine ikafa. Huyu ndiye aliyeifufua, ameandika yote kwenye daftari." Hakuwa ameulizwa nani aliifufua. Meneja akaomba daftari, akalifunua ukurasa mmoja mmoja, akauliza maswali mawili, na mambo yakaishia hapo. Mwisho wa mwezi jina la mama lilikuwa ukutani. Tulipakia sufuria, godoro na taipureta kuukuu, aliyopewa kama zawadi ya kuagwa, kwenye lori la kwenda Chome. Njia nzima ya kupanda mlima nililala juu ya godoro nikijifanya naumwa kwa ajili ya safari.

Ila mama hakukubali habari iishe. Kila likizo alinishusha, nikiwa na gunia la maharage na tangawizi begani, nikalale kambini kwa dada Hawa na mchana niende ofisini. Hawa alinifundisha kila alichojifunza, naye alijifunza mengi: kusafisha mashine ndani kwa brashi ya rangi, kutunza nakala mbili mahali pawili, kuandika kabla ya kugusa. Mwaka niliomaliza sekondari aliniruhusu nibadilishe mfumo mzima peke yangu, yeye ameketi anafuma. Nilipomwuliza mama kwa nini ananihangaisha na milima ile, alisema kazi ya mtu ni ile inayomkosesha usingizi.

Leo kazi yangu ni hiyohiyo. Naangalia mashine za ofisi kubwa Dar es Salaam, zinazokaa kwenye chumba cha baridi na hazizimwi kamwe. Zinajisafisha zenyewe, zinajisasisha zenyewe, na ukitaka kufuta jambo la hatari zinakuuliza mara tatu kama una akili timamu. Vijana ninaofanya nao kazi wanajua mengi kuliko niliyojua kwa umri wao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuvua viatu kwa ajili ya kompyuta. Sioni kosa. Tulikuwa washamba na mashine zilikuwa ghali. Kitu ninachokikosa ni kimoja. Kitu kikiharibika siku hizi tunaitana mkutanoni, kila mtu anaonyesha kwa ushahidi kwamba si yeye, na tunatoka salama wote bila kujua nani aligusa nini. Mara nyingi nimesimama kwenye mkutano kama huo nikasema ni mimi, hata pale kosa langu lilipokuwa dogo kuliko la wengine, na wenzangu wananiona mjinga.

Desemba iliyopita nilikwenda Chome. Mama sasa anatembea taratibu, lakini vidole bado ni vilevile. Alikuwa akipukuchua mahindi ya makande kwa kasi yake ya zamani. Nikakaa chini karibu naye, nikamwambia nilichokuwa nimekibeba muda wote huo. Kwamba yale matatu niliyafuta mimi. Kwamba nilimdanganya, na kazi yake ilipotea kwa ajili yangu. Nililia, mtu mzima mwenye watoto.

Hakuacha kupukuchua. "Nilijua palepale," akasema. "Ningesema ni wewe, ungeogopa kuigusa tena."